Alisema sawa

Wiki nzima sasa nasikia ile "sawa fundi" ya yule mzee wa Chanika. Sawa fundi. Hakuguna, hakuniuliza mwisho bei gani, hata "punguza bana, mi mstaafu" hakusema. Mi nimetaja elfu saba kwa skwea mita kumwekea marumaru, yeye kasema sawa fundi, uje Jumatatu, akarudi kwenye redio yake.

Mnaonijua mnajua mi naanzia tisa. Tisa ni ya kuongelea, tunavutana weee tunaangukia saba na nusu, kila mtu analala anajiona kashinda. Siku hiyo sijui ni lile jua la kutoka kituoni au ni vile nilivyoona madirisha yamezibwa mabati nikaingiwa na huruma, mdomo ukaruka tisa ukatua saba. Na kibaya zaidi pima maji, ile ya kuangalia sakafu kama imelala sawa, sikuitoa hata kwenye begi, nilipita tu na futi nikapata skwea mita 46, nikamwandikia maboksi 32 ya sitini kwa sitini na matatu ya kuvunjika, nikajiona mkali wa hesabu.

Jumatatu tunavuta kamba na Side, msaidizi wangu, sakafu imeshuka sentimita nne kutoka mlangoni mpaka dirishani. Nne! Hapo ni kusawazisha siku nzima, na Side posho yake anaitaka sakafu iwe imeshuka au imepanda. Nikamfuata mzee najikuna shingo, shikamoo mzee, kuna kitu siku ile sikukiona. Marahaba. Saruji na mchanga akasema atanunua, "ila ufundi si tulishakubaliana, fundi?"

Nikasema tulikubaliana. Ningesemaje? Mama Zuu anasema ningemwambia kusawazisha kuna bei yake na marumaru zina bei yake, na ni kweli, ila yeye anayasema hayo anakoroga uji, mi nilikuwa nimesimama mbele ya mzee wa watu. (Wiki hiihii mwenye nyumba kapandisha kodi na shemeji kajifungua mapacha, wala sijapata akili ya kuyawaza.)

Sasa jana jioni Side anafuta grauti, ile ya kuziba maungio ya marumaru, na sponji, mke wa mzee akaja kuangalia. Akafika mlangoni akasimama, akavua ndala, nyumbani kwake mwenyewe, akaingia pekupeku anaburuza unyayo taratibu kama anatafuta pa kujikwaa. Hakupapata. Alivyofika dirishani akamwita mumewe, "Njoo na wewe, vua viatu."

Nimesimama kwenye daladala mpaka Gongo la Mboto nacheka peke yangu kama chizi. Kilichobaki mfukoni baada ya Side na nauli na diski mbili za grinda sikiandiki hapa, Mama Zuu anasoma.

Ila mama huko Korogwe hajabip tangu Jumapili, na huwa anabip kila akimaliza kuswali magharibi. Vocha ninayo, lakini nikimpigia saa nne hii ya usiku si atajua kuna msiba.