Tafakari ya Juma: Heri Wapatanishi

"Heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu." (Mathayo 5:9)

Mpinga vita huitwa pasifisti, na wengi hulichukulia jina hilo kuwa la wanasiasa. Kwa umbo lake la sasa, kweli ni geni: mwanasheria Mfaransa Émile Arnaud alilipendekeza mwaka 1901, wapigania amani wa mataifa walipokutana Glasgow, Uskoti. Lakini mzizi wake umo ndani ya aya yetu. Jerome, alipoitengeneza Injili ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, aliandika hapa "beati pacifici". Pax ni amani, facere ni kufanya. Kigiriki cha Mathayo kimeundwa vivyo hivyo: eirenopoioi, watu wafanyao amani.

Nomino hiyo ya Kigiriki imetokea mara moja tu katika Agano Jipya lote, nayo ni hapa. Kitenzi chake nacho kimetokea mara moja, Wakolosai 1:20, Kristo alipofanya amani "kwa damu ya msalaba wake". Anayetaka kujua amani hufanywa kwa gharama gani, asome hapo.

Baadhi ya lugha za Ulaya zina neno la mtu asiyetenda kitu linalofanana kwa sauti na pasifisti, na watu huyachanganya. Mizizi yake ni miwili tofauti. Arnaud na wenzake walikuwa watu wa shughuli nyingi: walidai mikataba, usuluhishi na mahakama za kuamua ugomvi wa mataifa, na wengi wao hawakukataa vita vya kujilinda. Ni Vita Kuu ya Kwanza iliyolisukuma neno kuelekea maana ya kukataa vita vyote.

Hata hivyo, kukataa huko kulikuwepo kabla ya jina. Mwaka 295, huko Theveste, Afrika ya Kaskazini, kijana Maximilian wa miaka 21 alikataa kuandikishwa jeshini kwa kuwa ni Mkristo, akauawa. Waanabaptisti, Wakristo wa Ulaya waliobatiza watu wazima tu, waliuweka upanga kando katika tamko lao la imani, ungamo la Schleitheim, 1527. Wakristo wengine, wakimfuata Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, wameona kwamba vita vyaweza kuwa vya haki kwa masharti. Mjadala huo hatuumalizi leo, ila aya hii haimwachi yeyote kati yao akae bila kutenda. Aliyekataa bunduki bado hajapatanisha mtu.

Na kupatanisha kuna utaratibu. Mathayo 18:15-17 inautaja: kwanza nenda kwa aliyekukosea, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili, ili kila neno lithibitike kwa mashahidi. Asipowasikiliza hao, ndipo kanisa liambiwe. Sisi huvuruga hapo mwanzoni kabisa. Tunaanza na hatua ya tatu, na mara nyingi tunaiita "ombi la maombi": jambo limeshafika kwa watu kumi na mhusika ndiye wa mwisho kulisikia. Akifika kuzungumza, anatetea jina lake. Kosa lenyewe halizungumzwi tena. Hatua ya pili nayo huharibika tukichagua mashahidi walio upande wetu.

Wako wanaosema, "Mimi sina ugomvi, yeye ndiye mwenye neno nami." Mathayo 5:23-24 imewatangulia. Pale anayetumwa ni yule ambaye nduguye ana neno juu yake, na anaambiwa aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza. Ukiziweka sura hizo mbili pamoja, aliyekosewa ametumwa, na anayelalamikiwa ametumwa. Hakuna aliyeruhusiwa kungoja afuatwe.

Paulo anaongeza mpaka mmoja wa lazima, Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wa pili unaweza kukataa. Ukiwa umekwenda kweli, na si kwa kutuma ujumbe, hilo halihesabiwi kwako.