Mzazi Anaposema "Sikumruhusu"

Kila likizo ya Agosti na ya Desemba, hapa Mombasa kama ilivyo Nairobi na Nakuru, kuna vijana wa miaka 15 na 16 wanaosubiri wazazi walale ili wachukue funguo za gari na kutoka na wenzao. Likitokea la kutokea, mzazi husema kwanza kwamba hakumruhusu mtoto. Wazazi wenzangu, naomba tuipime kauli hiyo kwa makini, kwa sababu mbele ya sheria ya Kenya si kinga kamili kama wengi wetu tunavyodhani.

Sheria yetu haimtozi mzazi fidia kwa sababu tu amemzaa mkosaji. Aliyeumia humtafuta mwenye gari, maana mtoto hana mali ya kulipa. Katika kesi ya Karisa dhidi ya Solanki, iliyoripotiwa mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba gari likidhuru watu kwa uzembe, itachukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mmiliki anawajibika kwa matendo yake, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Mmiliki anaweza kujinasua. Katika kesi ya Morgans dhidi ya Launchbury ya mwaka 1972, ambayo majaji wa Kenya huirejelea mara nyingi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo iliamua kwamba mmiliki huwajibika pale dereva anapoendesha kwa kutumwa naye au kwa shughuli yake. Kijana aliyetoroka na gari usiku kwenda sherehe hayuko katika hali hiyo. Aliyetumwa maziwa dukani yuko.

Lakini ni nani atakayeamini kwamba alitoroka? Hapa ndipo ninapoona wazazi wengi wakijidanganya. Baba anayemwachia mwanawe wa miaka 15 kurudisha gari nyuma uani, kulipeleka kuoshwa, na kumfuata shangazi stendi Jumapili, huku majirani wote wakiona, amekwisha kujenga mazoea ambayo wakili wa upande wa pili atayaleta mahakamani moja baada ya jingine. Atauliza funguo huwekwa wapi, nani anajua, na kama mtoto aliwahi kulichukua gari hapo awali na hatua gani ikachukuliwa. Mzazi aliyejua kwamba mwanawe ana tabia hiyo, kisha akaendelea kutundika funguo sebuleni, anaweza kushtakiwa kwa uzembe wake mwenyewe, ukiacha kabisa ule wa mtoto. Binafsi naona hilo ni haki, kwa kuwa aliyegongwa hakuwa na njia yoyote ya kuzificha funguo zile.

Bima nayo isitulaze usingizi. Dhima ya kampuni kwa kila dai la mtu wa tatu, yaani aliyeumizwa na gari, ina kikomo cha shilingi milioni 3, na jeraha la uti wa mgongo huweza kuzidi kiasi hicho. Tena kampuni inaweza kupinga dai kwa hoja kwamba dereva hakuwa na leseni, ambayo kwa gari dogo hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18.

Kwa upande wa jinai, kuchukua gari la mwingine bila haki ni kosa chini ya kifungu cha 294 cha Kanuni ya Adhabu, hata kama hakukuwa na nia ya kuiba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka umri wa kuwajibika kijinai kuwa miaka 12, kwa hiyo kijana wa miaka 16 anaweza kufikishwa mahakamani, ingawa hawezi kuhukumiwa kifungo cha jela. Naye mmiliki anayemruhusu asiye na leseni kuendesha anatenda kosa lake mwenyewe chini ya Sheria ya Trafiki.

Kuna jambo moja linalonisikitisha kuliko yote. Ajali ikishatokea, baadhi ya wazazi hukimbilia kituo cha polisi na kudai kwamba wao ndio waliokuwa kwenye usukani. Naelewa huruma inayowasukuma, lakini kumpa afisa wa umma taarifa ya uongo ni kosa jingine, na vijana waliokuwa ndani ya gari, ambao huenda wazazi wao nao wanadai gharama za hospitali, wataulizwa chini ya kiapo ni nani aliyekuwa akiendesha.