Siku tulipovunja nyumba ya Bibi, Mtaa wa Sikukuu

Juzi tumeenda Kariakoo na mwanangu kutafuta sare za shule, tunapenya kwenye ule msongamano akaniuliza, "Mama, hivi huku kuna watu wanaishi?" Jamani, si ndio nilikokulia mimi!

Historia ya Kariakoo mnaijua, Waingereza walipouchukua mji wa Dar es Salaam 1916 wakaweka pale kambi ya wapagazi wao wa vita, baadaye watu wakajenga zile nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, jiko na choo uani, baraza mbele. Ya Bibi ilikuwa hivyohivyo, mbele wapangaji, nyuma sisi. Bibi alipofariki warithi walikuwa wengi, kila mtu na shida zake, na kiwanja cha Kariakoo bei yake si ya mchezo, ikauzwa. Simlaumu mtu.

Siku ya kuvunja nilikwenda na shangazi. Bati zilishatolewa, jua linapiga moja kwa moja chumbani kwa Bibi, chumba ambacho miaka yote kilikuwa na kagiza na harufu ya udi. Fundi akapiga nyundo, plasta ikabanduka, rangi juu ya rangi, bluu, chini yake kijani, chini kabisa chokaa, halafu ndani udongo mwekundu, fito, na boriti za mikoko, zile zilizokuwa zinaletwa na majahazi kutoka Rufiji. Mimi siku zote najua ni tofali! Boriti bado nzima, nyeusi, ngumu kama chuma, nyundo inadunda tu. Shangazi akasogea akaikumbatia kwa mkono mmoja, gauni lote vumbi, akasema, "Hii kaisimamisha baba, mimi ndo nabeba maji ya kukandikia." Fundi akashusha nyundo, akamwambia, "Pole mama," akasubiri mpaka alipoachia mwenyewe.

Sasa hivi pale ni ghorofa, chini maduka juu stoo. Ile pesa imesomesha wadogo zangu na imemjengea shangazi kwake Mbagala, kwa hiyo siwezi kusema tulikosea kuuza. Ila wale wapangaji, yule fundi cherehani wa barazani, mama wa vitumbua aliyekuwa ananipa cha kwanza kutoka kikaangoni, walipewa notisi wakafunga virago, na katika familia yetu nzima hakuna anayejua walihamia wapi. Nimeshaanza kuwaulizia.