Tangu Lini?

Somo: Marko 9:14–29

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii linaanza na zogo. Yesu anashuka mlimani na kukuta waandishi wanabishana na wanafunzi wake, umati umewazunguka. Kisa ni kijana mwenye pepo aliyeletwa na baba yake, wanafunzi wakajaribu kumponya wakashindwa. Ubishi umenoga, na kijana mwenyewe hana anayemwangalia.

Nasi ndivyo tunavyokuwa ikivuma kwamba mwanafunzi wa sekondari kakamatwa na bangi. Swali la kwanza: "Mtoto wa nani?" Akiwa wa mlevi, tulijua tu. Akiwa wa mzee wa kanisa, habari inafika mbali zaidi kabla ya jioni. Waumini tuna na njia yetu ya kuisambaza: "Tumkumbuke mtoto wa fulani kwenye maombi, ameingia kwenye mambo mabaya." Umbea hata ukifungwa kwa amina ni umbea.

Yesu haulizi ni mtoto wa nani. Anamgeukia baba: amepatwa na haya tangu lini? Baba anajibu, tangu utoto, kisha anamwaga yote mbele za watu, jinsi pepo alivyomtupa mara nyingi motoni na majini.

(Sisemi kila anayetumia dawa za kulevya ana pepo. Uraibu ni ugonjwa, na una matibabu. Ninachochukua hapa ni lile swali.)

Tukiliuliza kwa watoto wetu, tutagundua mwanzo wenyewe haukuwa na sura ya kutisha. Ilikuwa sigara ya kielektroniki inayonukia matunda, mzazi akadhani ni manukato. Au kidonge cha rafiki, ili akeshe akisoma kwa ajili ya mtihani. Au chupa ya dawa ya kikohozi yenye kodini, kitu kinacholevya na kuzoesha, imelazwa chini ya madaftari kwenye begi la mtoto asiyekohoa. Sisi tunangoja kuona sindano. Na ubongo wa kijana bado unajengwa: sehemu ya mbele, inayopima hatari na kuzuia pupa, hukomaa kwenye miaka ya 20 na kitu. Anayeanza akiwa na miaka 14 au 15 yumo katika hatari kubwa ya kunaswa kuliko anayeanza ukubwani. Kwa hiyo ile kauli yetu, "ataacha akitaka," haimsaidii.

Sasa mfikirie mama aliyeikuta chupa ile. Amekaa nasi miaka, amesikia tunavyowasema watoto wa wenzake. Atatuambia? Atanyamaza, atamhamisha shule, atasema mazingira hayakumfaa. Mtoto atahama na kiu yake, na miezi ambayo angekuwa anatibiwa itapita tukiwa tunamsifu mama kwa kumtafutia shule nzuri. Nadhani kosa hilo ni letu kuliko lake.

Mstari wa 26 unanichoma zaidi. Pepo anamtoka, kijana anabaki kama maiti, na wengi wanasema, amekufa. Yesu anamshika mkono, anamwinua. Anayetoka kwenye matibabu hutokea akarudia, pengine zaidi ya mara moja, na kurudia si dalili kwamba tiba imeshindikana. Lakini sisi tukishasema "huyo basi tena," hata benchi la vijana linamkimbia. Hofu ya wazazi wengine naielewa, wana haki ya kuuliza maswali. Anayewauzia wanafunzi ni habari nyingine kabisa, huyo aripotiwe.

Ombi langu wiki hii ni dogo. Jina la mtoto lisitajwe kwenye kikundi cha maombi bila ruhusa ya mzazi wake. Na kama unamjua baba au mama aliye katika hali hii, nenda kwake. Andiko liache kwanza. Muulize tangu lini, kisha umwache asimulie hadi amalize. Akikubali, fuatana naye kwa daktari au mshauri nasaha, na kama anaogopa kuonekana mlangoni pale, tangulia wewe kuingia.