Gemu Yenu Inapendelea

"Kaka, gemu yenu inapendelea. Usiku nashinda, mchana nafungwa. Huyo upepo wenu mwambieni aache roho mbaya."

Meseji hiyo ya sauti ilinifikia asubuhi nikisubiri mahamri. Nilicheka peke yangu pale kwenye foleni, nikafika ofisini nikawasikilizisha wenzangu, nao wakacheka. Kisha nikamjibu yule kijana wa Makorora, hapa Tanga: "Asante kwa maoni yako kaka, endelea kufanya mazoezi." Ilipita karibu miezi 3 ndipo nikajua kwamba alichosema kilikuwa kweli tupu, ukiondoa lile la roho mbaya.

Tuko watu 3, tunatengeneza gemu ya simu. Mmoja anachora, mmoja anaandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha gemu, mimi napanga hatua za mchezo na sauti. Kazi ya kuongea na wachezaji iliniangukia mimi kwa sababu wale wawili ukiwapa simu waongee na mtu wasiyemjua wanaanza kutazama ukuta. Ofisi yetu ni chumba kimoja cha ghorofani, Ngamiani, chini yetu fundi cherehani ambaye mashine zake zimeingia kwenye sauti nyingi tulizorekodi. Gemu ni ya mashindano ya ngalawa: unatoka Raskazone, unazunguka kisiwa cha Toten, unarudi. Ukisonga mbele unapelekwa hadi kisiwa cha Ulenge. Kuna hatua za upepo wa kaskazi na hatua za upepo wa kusi, na hizi za kusi ndizo zilizotutia aibu.

Maneno ya wachezaji yalikuwa yanatufikia kwa njia tatu. Kuna nyota na maoni ya Google Play. Kuna kundi la WhatsApp la watu tuliowaomba watujaribie gemu kabla haijatoka. Halafu kuna mtaa, na hii ya tatu hakuna aliyetuambia tujiandae nayo. Tanga watu wanaendesha baiskeli, hawana haraka; wakishajua wewe ndiye wa gemu ya ngalawa, muuza kahawa anakusimamisha, mama wa dukani anakusimamisha. "Wewe si ndiye? Mtoto wangu kamaliza bando la wiki kwa ajili yako." Hayo nayo ni maoni, na tulikuwa tukiyaacha yapotee.

Nikanunua daftari la kaunta. Kila neno lililokuja niliandika, tarehe pembeni, na nilijiona meneja kweli. Ukilifungua leo kurasa za mwanzo utakuta mistari ya namna hii: "Anataka upepo uongezwe, kusi." "Anataka upepo uongezwe." "Upepo uongezwe, hatua ya 7." Safi, fupi, inahesabika. Kosa lote limo humo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwa maneno hayo. Mmoja alisema ngalawa yake imekula shiba. Mwingine akasema wenzake wanapewa upepo wa feni, yeye wa kipepeo. Kijana wa Makorora alisema mchana na usiku. Mimi nilikuwa nawatafsiria. Nilichukua kilio nikaandika dawa, na dawa yenyewe niliitoa kichwani mwangu.

Basi tukaongeza upepo. Katika gemu yetu, ukilenga vizuri tanga lako pale upepo unapovuma unasukumwa mbele, na msukumo huo ndio unaokupa ushindi kwenye kusi. Tukauzidisha kwa nusu, tukatoa toleo jipya, tukaenda kula. Kufikia jioni walioanza kulalamika walikuwa wachezaji wetu wazuri: mmeifanya ya watoto, nimemaliza hatua zote bila kutoka jasho. Na wale wa mwanzo? Bado wanafungwa. Nyota moja zikaja kutoka pande zote mbili. Hapo mwandishi wetu wa msimbo alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, maana ni mimi niliyemletea daftari.

Nikajitetea kwa takwimu. Google wana ukurasa unaomwonyesha mtengenezaji afya ya programu yake: ikizimika yenyewe kwa zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji kwa siku, unahesabiwa mbaya. Ikiganda, yaani mtu anagusa kioo na programu haijibu kwa sekunde 5, kikomo ni asilimia 0.47. Sisi tulikuwa chini kabisa ya vikomo vyote viwili. Kila kitu kijani. Nikasema, jamani, gemu nzima, hawa watu hawajui kucheza tu. Ukurasa ule unapima gemu iliyoanguka. Gemu inayosimama vizuri huku inamwonea mtu, hauioni.

Nilichokuja kukiona nilikiona kwenye kijiwe cha kahawa, saa 8 mchana, jua la kukausha papa. Kuna dogo alikuwa anacheza gemu yetu, hajui mimi ni nani, na mara hii sikujitambulisha. Nilikaa nyuma ya bega lake na kikombe changu. Alikuwa hodari. Analenga tanga kama inavyotakiwa, upepo unavuma, mistari myeupe ya mawimbi inapita, na ngalawa yake inasogea kama inayokokota nanga. Ngalawa za kompyuta zikampita mbili mbili. Akasonya, akaanza upya. Mara tatu. Nikamwomba nijaribu mimi, niliyezipanga hatua hizo kwa mikono yangu, nikashika mkia. Simu ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, na ilikuwa na moto kama andazi limetoka kwenye karai.

Nikatoa yangu, nikafungua hatua ileile, nikaziweka meza moja. Yangu iliruka.

Nilikimbia ofisini, na bili ya kahawa nimeilipa kesho yake. Maelezo yake ni haya, nami nayatoa kwa sababu yamemkuta mtu zaidi ya mmoja anayetengeneza gemu. Picha unayoiona ikitembea kwenye simu ni fremu nyingi zinazopishana haraka. Simu nzuri inatoa fremu 60 kwa sekunde, simu dhaifu labda 20. Sisi tunatumia Godot, programu ya bure ya kuundia gemu, na yenyewe katika kila fremu inakukabidhi namba ya muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ili ukisogeza kitu uzidishe kwa muda huo na mwendo uwe sawa kwenye simu zote. Mwenzangu alikuwa amefanya hivyo kila mahali isipokuwa mahali pamoja: msukumo wa upepo. Pale aliandika tu "sukuma kidogo" kwa kila fremu.

Chukua wapiga makasia wawili uliowaambia wapige kasia moja kwa kila pigo la ngoma, halafu mmoja umpigie ngoma mara 60 na mwingine mara 20. Ngalawa za kompyuta zenyewe tulizipangia kwa saa, hazijali ngoma. Na tulipozidisha upepo kwa nusu, mwenye 60 tulimpeleka 90, mwenye 20 tukampeleka 30. Pengo tukalipanua wenyewe, tukaliita marekebisho.

Na mchana na usiku? Simu ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe isiungue, na fremu zinashuka nayo. Kijana wa Makorora alikuwa anacheza mchana chini ya bati, usiku barazani kwenye upepo wa bahari. Alinipa kipimo kilichokamilika, na mimi nikamwambia afanye mazoezi.

Kurekebisha kulikuwa mstari mmoja. Kuzidisha tu. Tuliurudisha na upepo kwenye nguvu yake ya kwanza.

Tulichobishania ni kama tuseme. Mwenzangu wa msimbo alitaka tutoe toleo kimyakimya. Akanitolea mfano wa No Man's Sky, gemu ya Hello Games wa Uingereza: ilipotoka Agosti 2016 wachezaji waliwaka moto kwa ahadi ambazo hawakuziona ndani, kampuni ikanyamaza, ikarudi Novemba na toleo kubwa mkononi. Kazi ikawasemea. Ni kweli, na ninawaheshimu. Lakini sisi watu wetu tunakutana nao sokoni, na kimya chako sokoni kinasomwa vingine. Tukaandika wazi: upepo ulikuwa unazionea simu dhaifu, kosa letu, walioripoti walikuwa sahihi. Toleo tukaliachia kwanza kwa asilimia 10 ya watumiaji, tukasubiri siku mbili, ndipo tukafungulia wote. Tulishaonja kutoa toleo na kwenda kula.

Halafu nikaanza kujibu mmoja mmoja. Jibu la Google Play halizidi herufi 350, na Kiswahili ukisema "tutakapokuwa tumelirekebisha" umeshakula 28. Nilijifunza kubana: umesema kweli, kosa lilikuwa hapa, toleo hili limelitoa, jaribu hatua ya 7 utuambie. Sikumwomba mtu abadilishe nyota. Wengine walibadilisha, wengine hawakujali, na mmoja alibaki na nyota yake moja kwa sababu, alivyosema, bando lililoliwa halirudi. Hapo sikuwa na neno.

Kijana wa Makorora nilimpigia simu. Nikamweleza habari ya joto, akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo sikuwa mjinga." Nikamwambia mjinga alikuwa mwingine. Baada ya siku tatu akatuma sauti: "Kaka, sasa haipendelei. Nafungwa kihalali."

Daftari bado lipo, ila sasa naandika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani, hata yakiwa ya kuchekesha, hasa yakiwa ya kuchekesha. Pembeni naweka simu gani, hatua gani, saa ngapi. Dawa anayoipendekeza naiandika kwa penseli. "Nzuri sana, hongereni" siziandiki kabisa. Nyingi zinatoka kwa binamu zangu.

Si kila kinachoandikwa kinafanywa. Nina kurasa nzima za watu wanaotaka bunduki kwenye ngalawa. Na kuna mzee mmoja pale Deep Sea, nahodha wa siku nyingi, niliyemwonyesha gemu baada ya shikamoo. Aliitazama bila kuishika. "Mjukuu wangu, hii ngalawa inabisha, mbona tanga limebaki upande wa joshi? Hapo mmeshazama." Kubisha ni kwenda ukipingana na upepo; joshi ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakoelekea. Mchoraji wetu alikaa wiki mbili kulihamisha tanga hilo liende demani kila ngalawa inapogeuka, akinung'unika kuwa hakuna mchezaji hata mmoja aliyelalamika. Alikuwa na haki ya kunung'unika, ila jina la mji huu ni lilelile la tanga, na mimi nisingeweza kupita tena Deep Sea. La pili la mzee tulilikataa. "Raskazone hadi Ulenge dakika mbili? Ngalawa au ndege?" Nilimwambia watoto wana bando dogo. Hakuridhika, na kila nikipita ananiuliza ndege yangu imefika wapi.

Jana limeingia jingine kutoka Pangani. Binti anasema ngalawa yake ikikaribia kisiwa "inaona aibu". Nimemuuliza simu gani, saa ngapi, na tanga lilikuwa upande upi. Amesema atarekodi jioni akitoka shule. Kwenye daftari nimeandika vilevile, kwa wino: inaona aibu.