Nyumba ya Luchelele

Mwaka 2021 tulikuwa tumepanga Mabatini, jijini Mwanza, na hela ya kikoba pamoja na mkopo wa kazini kwa mume wangu ilikuwa imetosha kuanza kuulizia nyumba. Ndugu walitushauri tununue kiwanja tujenge taratibu, kama wengi wafanyavyo. Mimi nilitaka nyumba iliyokwisha. Nilichoka kuhamisha watoto shule kila kodi inapopanda.

Kabla ya kumpigia dalali tulikubaliana mambo mawili. Hati ifanyiwe upekuzi kwa msajili wa hati, tujue kama haijawekwa rehani benki wala haina zuio. Na kama muuzaji ana mke, tumwone kwa macho na asaini, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hilo la pili nililishikilia mimi. Shangazi yangu alitolewa kwenye nyumba waliyojenga na mumewe, na aliyekuja kumtoa alikuwa mnunuzi.

Dalali akatupeleka Luchelele. Vyumba vitatu, uzio wa michongoma, upepo wa ziwa unaingia mpaka jikoni. Mume wangu aliipenda palepale. Bei nayo ilikuwa chini mno kwa nyumba ya ufukweni.

Nikaingia stoo peke yangu. Huko rangi mpya haikufika. Plasta ilikuwa imevimba na kutoa chumvi nyeupe kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, ikakatika kwa mstari ulionyooka kuta zote nne. Mlango wake ulikuwa umeoza chini. Nilipoubonyeza kwa kidole, mbao ikamenyeka.

Nje, mama mmoja wa makamo alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu kuukuu. Nilimwamkia, nikamuuliza kuhusu jirani yake.

"Mwanangu, mwaka jana hapa tulipita na mtumbwi," akasema, akanionyesha mti ambao maji yaliufikia. Mti ulikuwa nyuma ya nyumba.

Nilijua anachosema. Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita hata kile kina cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia. Nikahesabu hatua kutoka majini hadi ukutani. Hazikufika hata arobaini, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ile, hata ingekauka vipi, haikuwa na kesho.

Dalali alipoona nimenyamaza akampigia mwenye nyumba, bei ikashuka tena. Mume wangu akaniangalia. Nikamshika mkono nikampeleka stoo, naye akaubonyeza ule mlango mwenyewe.

"Shemeji, tuoneshe za Buswelu," akamwambia dalali.