Kishimo ninachoanza nacho

Wanafunzi wapya maabarani huniuliza: dada, kuna haja gani ya kutenga kishimo kizima cha sahani ya kukuzia kwa vimelea visivyopewa jeni ya kuhimili dawa, wakati tunajua dawa itaviua tu? Haja ipo, tena kubwa. Asubuhi hicho ndicho naanza kukitazama kwenye darubini.

Tunakuza Trypanosoma brucei, kimelea cha malale na nagana kinachoenezwa na mbung'o. Nimekulia Mara, kwa wafugaji. Nagana niliijua kwa sura ya ng'ombe kabla sijaijua kwa jina: manyoya yamesimama, mbavu zinahesabika. Kwa hiyo kazi hii naipenda, na sitaki ifanywe kwa kubahatisha.

Ili DNA iingie, vimelea hupigwa shoti fupi ya umeme. Vinavyoishika DNA hiyo kwenye kromosomu ni vichache mno. Vingine vyote vinabaki vilevile, na hugawanyika kila baada ya saa 6 hivi. Ukiviacha vitavifunika vile unavyovitafuta. Basi unavipumzisha saa chache, kisha unatia higromisini. Dawa hiyo inatokana na bakteria Streptomyces hygroscopicus na huivuruga ribosomu isiunde protini sawasawa. DNA tuliyoingiza imebeba jeni ya kimeng'enya kinachoipachika dawa fosfati, ikakosa nguvu.

Vimelea hai havitulii, vinajipinda na kukata maji kama vikunga. Dawa ikivishika vinapunguza mwendo, vinavimba, mwisho unaona mabaki tu. Kishimo kile cha vimelea visivyo na jeni kikiwa kimekufa chote, ndipo vishimo vyenye uhai vinanihusu. Kikiwa bado kinacheza, hata sahani nzima ikicheza haina maana yoyote.

Kipimo cha dawa nacho usikiazime. Kwa vimelea hivi tunavyokuza, mikrogramu 2.5 hadi 5 kwa mililita zinatosha. Seli za mamalia kwa kawaida hutaka 50 hadi 500. Wanaotumia HEK 293T, seli za binadamu zinazokuzwa maabarani, wakitia dawa nyingine iitwayo G418 wanaweza kungoja mpaka wachoke, kwa sababu seli hizo zilitengenezwa zikiwa tayari na jeni ya kuihimili. Pima kwenye seli zako mwenyewe, kwenye chakula unachotumia wewe, na chupa mpya ya dawa ikija upime tena.

Ninapopapenda zaidi ni hapa: kimelea hiki kina nakala mbili za karibu kila jeni. Ukitaka kuiondoa jeni kabisa, nakala ya kwanza unaibadilisha kwa jeni ya kuhimili higromisini, ya pili kwa jeni ya kuhimili dawa nyingine, blastisidini. Wakati mwingine duru ya pili haitoi kitu, au vinaota vyenye kuhimili dawa zote mbili, lakini ukifanya PCR, kipimo cha kutafuta kipande cha DNA, unaikuta jeni uliyotaka kuiondoa bado ipo. Watu hukimbilia kusema kimelea hakiwezi kuishi bila jeni hiyo. Mimi kwanza nakipa nakala ya akiba ya jeni hiyo inayowashwa kwa dawa ya tetrasaiklini, naondoa zile mbili, halafu naitoa tetrasaiklini kwenye chakula. Vikiacha kugawanyika hapo, naandika.